Zamu ya Mkwe

Siku ya nane Mkwe alitapika.

Enesia Mgaya alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo, kifuniko mkononi, akiwatazama panya wawili waliolala juu ya maranda wakiwa wamelowa utelezi, hawajayeyuka hata masikio. Pembeni yao nyoka alikuwa amejikunja, shingo imelegea. Na hiyo harufu, jamani! Enesia aligeuka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akarudi pale pale. Hakuwa mwanamke wa kuikimbia kazi kwa sababu inanuka.

"Wifi!" sauti iliita kutoka nje. "Huyo mgeni wako wa kwenye kioo ana nini leo?"

Huyo alikuwa Leokadia, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye mdomo ambao kata nzima ya Lihanule ilikuwa imeshauzoea. Alisimama nje ya mlango wa ghala, vidole vya miguu vikiishia hapo hapo kwenye kizingiti. Tangu nyoka aletwe Leokadia hakuwa amekivuka kizingiti kile, na alikwisha kuapa mbele ya watu kwamba hatakivuka ng'o.

"Ametapika," Enesia alisema.

"Ulimpa nini?"

"Panya. Mmoja asubuhi, mmoja jioni."

"Kila siku?"

"Sasa wewe mgeni akiingia kwako unamlaza na njaa?"

Leokadia alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini Enesia hakuwa anatania. Kule Lihanule, milimani juu ambako asubuhi ya mwezi wa saba maji yanaganda kwenye karai, mkwe akija nyumbani humwangalii usoni, humgusi, humpiti karibu. Unamwandalia chakula kizuri, unakiweka mahali, unarudi kinyumenyume. Akimaliza unaongeza. Ndivyo Enesia alivyofanya na nyoka tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alimwogopa na hakutaka kumkosea heshima, na ndiyo maana akampa jina la Mkwe. Alifikiri amepata njia nzuri. Kumbe alikuwa anamuua taratibu kwa ukarimu.

"Shikamoo, mama Enesia," likasema sanduku, ambalo lilitengenezwa liongee ili kumwelekeza mfugaji.

"Marahaba."

Sanduku lilikuwa na sauti ya mtu wa pwani, laini, isiyo na haraka, na kila liliposema Leokadia alilibenulia mdomo.

"Nyoka wa ghala hula mara moja kwa siku saba hadi kumi. Tumbo lake hufanya kazi kwa joto, si kwa haraka. Ukimlisha kabla hajayeyusha, hurudisha. Tafadhali mwache siku kumi bila chakula. Maji masafi kila siku. Upande wa taa uwe nyuzi thelathini, upande wa kivuli ishirini na nne, ili achague mwenyewe pa kukaa. Na usimshike."

"Siku kumi? Bila chakula?"

"Siku kumi."

Enesia alisonya. Mtu mzima na akili zake, anaambiwa amnyime mgeni chakula siku kumi. Lakini alifanya. Alisafisha sanduku, akatandaza maranda mapya, akapasua chungu cha zamani katikati na kukilaza upande wa kivuli ili Mkwe apate pa kujificha. Kila asubuhi aliweka maji. Siku ya kumi, alipomtolea panya mmoja mdogo kwa kibanio kirefu, Mkwe alimchukua polepole, akamviringa, akammeza, akaingia zake ndani ya chungu kulala. Hakutapika. Enesia alijikuta anatabasamu peke yake ghalani.

Kumshika alijifunza baadaye, na huko nako alikosea. Siku moja alitoka kutegua mitego, akaingiza mkono sandukuni bila kunawa, na Mkwe akaudaka akidhani ni panya. Hana sumu, meno yake ni kama miiba ya mchongoma tu, ila damu ilitoka na Leokadia alipiga kelele zilizosikika hadi kanisani. Enesia aliosha jeraha, akaosha mkono kwa sabuni mara mbili, akaurudisha mle mle. Safari hii Mkwe alipanda taratibu hadi kwenye kiwiko. Alikuwa mkavu, mwenye uvuguvugu, mzito kuliko alivyoonekana. Miaka hamsini na mbili Enesia alikuwa ameamini kwamba nyoka ana utelezi kama kambale.

*

Tusidanganyane, hakuna mtu Lihanule aliyefuga nyoka kwa mapenzi. Ni paka. Paka walikufa wote katika miaka miwili, nchi hii na nchi jirani, kwa homa ambayo hata leo wataalamu wanabishana ilitoka wapi. Sumu za panya zilikuwa zimeacha kufanya kazi siku nyingi. Panya wakazaana, wakanenepa, wakakosa adabu. Usiku waliwaachia bundi, wao wakahamia mchana. Saa sita juani, watu wakiwa mashambani, ungewakuta wanavuka uwanja kwa makundi bila hofu, kama wana vitambulisho.

Mbegu ndizo zilizokuwa zinaumiza vichwa. Kaya mia moja na arobaini zilikuwa zimekusanya mbegu zao katika ghala moja la matofali, mahindi na maharage na ulezi, kwa sababu majumbani hazikukaa hata wiki. Mtunza ghala alikuwa Enesia. Mvua ikinyesha na mbegu hazipo, hakuna pengine pa kuzitoa, na mwaka ule watu wa Lihanule wangepanda vumbi.

Ndipo Taasisi ikaleta nyoka. Walikuwa wametengenezwa maabara, wa kahawia, urefu wa mita moja na nusu, wanaostahimili baridi ya milimani. Na kila mmoja nyuma ya kichwa, chini ya ngozi, alikuwa na punje, kifaa cha umeme kidogo kama mbegu ya ulezi.

Aliyeiwasha punje ya Mkwe alikuwa mkaguzi wa Taasisi, binti mmoja aliyeitwa Tunsume Mwaipaja, mwembamba, mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, aliyekagua kata nane kwa pikipiki ya umeme. Alikuja siku ya ishirini na nne tangu nyoka aletwe.

"Shikamoo mama. Anaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Anakula, analala. Ana raha zake."

"Vizuri. Leo anaanza kazi. Kifuniko kiache wazi, atembee ghalani." Tunsume alibandika kidole gumba kwenye kioo kidogo cha pembeni ya sanduku. Taa ya kijani ikawaka. "Punje inazungumza na ubongo wake. Nyoka wa kawaida akishiba analala wiki nzima, si ndiyo? Huyu punje itamwambia bado ana njaa. Atakula anachoweza, wengine atawaua tu na kuwaacha. Ukiona panya wamezidi, bonyeza hapa, taa iwe nyekundu, kasi iongezeke."

"Na nikitaka apumzike?"

"Kuzima ni kidole changu tu, mama. Kuongeza anaweza mfugaji yeyote."

Enesia hakulifikiria jambo hilo sana siku ile. Nani angelifikiria? Siku iliyofuata alifungua ghala akakuta panya kumi na mmoja wamelala chini, shingo zimevunjika. Siku ya pili kumi na watatu. Wanawake walikuja kuangalia, wakapiga vigelegele, mmoja akaleta kitenge kipya, akakitundika juu ya sanduku la Mkwe kama anatunzwa bwana harusi. Ndani ya wiki tatu hakuna gunia lililotobolewa. Leokadia, akiwa nje ya kizingiti, alisema mkwe huyu ana maana kuliko wakwe wengi anaowajua.

"Wako alikuwaje?" Enesia alimuuliza. Leokadia naye alikuwa amepewa nyoka msimu uliopita, kwa ajili ya ghala dogo la vijana.

"Wangu alikufa," Leokadia alisema, na uso wake ukajifunga. "Wanachoka hao." Akaondoka kabla ya muda wake.

*

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne Enesia alipoyaona macho.

Alikuwa ameenda kubadilisha maji. Mkwe alikuwa juu ya magunia ya maharage, anatafuta. Kila mara alikuwa akitafuta, siku hizo hakutulia hata dakika. Rangi yake ilikuwa imefifia kama kanga iliyofuliwa sana, na macho, yale macho meusi yenye kung'aa, yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa bluu, mithili ya maziwa yaliyotiwa maji. Panya alipita mbele yake. Mkwe aliruka, akamkosa, akagonga pua kwenye tofali. Akaruka tena. Panya naye, alipogundua anayepambana naye haoni, aligeuka akamng'ata ubavuni.

Enesia alimkanyaga yule panya. Hakujua hata mguu ulivyofika pale.

Alimbeba Mkwe kwa mikono yote miwili. Ubavuni alikuwa na majeraha matatu, mawili ya zamani, na ngozi yake ilikuwa imekauka, imeanza kupasuka vipande vipande pale ilipong'atwa. Hata mikononi mwake hakutulia. Alikuwa anasukuma kichwa huku na huku, ulimi nje, kipofu, akitaka kurudi kazini.

"Ana nini huyu?" Enesia aliliuliza sanduku.

"Shikamoo, mama Enesia."

"Achana na shikamoo. Ana nini?"

"Nyoka wako anajiandaa kujivua gamba. Kabla ya kujivua, maji hujaa kati ya ngozi kuukuu na ngozi mpya, na macho hufifia. Katika siku hizo nyoka haoni vizuri, hali chakula, na hujificha mahali penye unyevu. Asisumbuliwe."

"Sasa mbona hajifichi?"

"Punje imewashwa."

"Izime."

"Kuzima kunahitaji kidole gumba cha mkaguzi. Kiwango cha kazi cha nyoka wako ni cha kuridhisha."

Enesia alikaa chini kwenye sakafu, nyoka mapajani. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia. "Nyoka wa aina hii anaishi miaka mingapi?"

"Akitunzwa vizuri, miaka kumi na minane hadi ishirini."

"Na mwenye punje?"

Sanduku lilinyamaza. Lilikuwa halijawahi kunyamaza. "Taarifa hiyo haimo kwenye mwongozo wa mfugaji," lilisema hatimaye, kwa sauti ile ile laini.

Enesia alimfunga Mkwe ndani ya sanduku, kifuniko akakikazia kwa kamba, akachukua simu akampigia Tunsume. "Mwanangu, njoo leo. Sikuombi, nakuambia."

*

Tunsume alifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Alimtazama Mkwe akigonga kioo kwa pua yake, tena na tena. Hakushtuka, na kutoshtuka kwake ndiko kulikomwambia Enesia kila kitu.

"Unajua," Enesia alisema. "Mnajua wote."

"Mama..."

"Wanakaa siku ngapi?"

Tunsume aliweka begi chini. "Sitini. Wakibahatika, sabini. Wanajivua vibaya, ngozi inabaki mwilini, inabana, vidonda vinaoza. Mwili hauna pumziko, mama. Lakini siku sitini zinatosha kufika mvua. Halafu tunaleta mwingine."

"Nilifundishwa nyuzi za joto. Nilifundishwa maji, maranda, nisimshike akiwa ameshiba. Kumbe mlikuwa mnanifundisha kumtunza maiti?"

"Hilo ghala lina mbegu za kaya mia moja na arobaini!" Sasa Tunsume naye alipandisha sauti. "Mimi nimetoka kata ambayo mbegu ziliisha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimzika mdogo wangu mwezi wa pili. Unataka nilie kwa ajili ya nyoka? Nitalia, mama, nikipata nafasi. Mvua bado wiki tatu."

Pua ya Mkwe iligonga kioo. Enesia alijua kwamba binti huyu hasemi uongo, na hapo ndipo palipouma. Kama Tunsume angekuwa mtu mbaya kazi ingekuwa rahisi.

"Mvua bado wiki tatu," Enesia alirudia. "Yeye anahitaji siku saba tu. Zima siku saba ajivue. Zamu yake nitashika mimi."

"Utashika vipi?"

"Kwa fimbo. Panya ni wa mchana, si ndiyo? Nitaingia jua linapochomoza, nitatoka bundi wakianza kulia."

"Na shamba lako?"

"Litanisubiri."

"Litakusubiri mpaka lini? Mama, huwezi. Nyoka huyu alikuwa anaua kumi na watatu kwa siku."

"Mgeni akiugua kwangu simpi jembe. Sijawahi, na sitaanza na huyu. Weka kidole."

Tunsume alibandika kidole gumba, na taa ikazimika. Palepale Mkwe aliacha kugonga kioo. Alisimama, kana kwamba mtu amemwita kwa jina, akateremsha kichwa, akajiburuta hadi kwenye chungu kilichopasuka, akapotelea humo.

"Siku saba," Tunsume alisema. "Nikirudi nikakuta gunia hata moja limetobolewa, naiwasha mwenyewe, naweka nyekundu, na funguo za ghala nachukua. Sitanii, mama."

"Wala mimi sitanii."

*

Siku ya kwanza Enesia aliua panya tisa na kuvunja fimbo mbili. Alikuwa amekitandika chungu cha Mkwe kitambaa kibichi, kama sanduku lilivyomwelekeza, ili ngozi ilainike. Kila alipopata upenyo alikinyunyizia maji ya uvuguvugu. Kisha alirudi katikati ya magunia, akasimama, akasikiliza.

Siku ya pili aling'atwa kidole cha shahada, na jioni mkono ukavimba. Alienda zahanati, akachomwa sindano, asubuhi akawa wa kwanza kufungua ghala. Watu waliopita kwenda mashambani walimwambia amechanganyikiwa. Wengine walisema nyoka amemroga. Mzee mmoja wa kamati alimuuliza, kwa upole kabisa, kama anaelewa kwamba mbegu zile si zake. Alielewa. Usiku uliopita hakuwa amelala kwa sababu ya kuelewa huko.

Siku ya tatu, saa saba mchana, jua limepiga bati na joto limetulia, alikaa juu ya debe ili aondoe mwiba mguuni. Alifumba macho mara moja tu. Alipoyafumbua kivuli cha mlango kilikuwa kimehama, na kwenye gunia la kona, maharage mekundu yalikuwa yanatiririka sakafuni.

Aliwafukuza, akaua watatu, akaziba tundu kwa mkono, kisha kwa kitambaa cha kichwa chake. Maharage yalikuwa yamekwenda kama nusu debe. Kwenye gunia jina lilikuwa limeandikwa kwa makaa: LEOKADIA.

Angeweza kulishona na kunyamaza. Wazo lilikuja, sitaficha, na lilikaa naye kama dakika nzima. Kisha alitoka, akaenda mlangoni kwa wifi yake, akamwambia alivyosinzia na kilichotokea.

Leokadia hakupiga kelele. Hilo lilitisha kuliko kelele. Alitembea hadi ghalani, akasimama pale pale pake, akayatazama maharage sakafuni. Maharage yale yalikuwa ya mama yake, mbegu ambayo mama huyo alikuja nayo alipoolewa Lihanule. Kisha macho yake yakahamia kwenye sanduku. Mkwe alikuwa ametoa kichwa nje ya chungu kwa ajili ya maji, na macho yake ya bluu yalielekea mlangoni bila kuona chochote.

Leokadia aliyatazama macho yale. Aligeuka akaenda zake, na Enesia, aliyemjua kwa miaka thelathini, alisema moyoni: basi, kesho atampigia mkaguzi.

*

Asubuhi ya siku ya nne Enesia alikuwa amesimama katikati ya magunia, fimbo mkononi, aliposikia hatua. Hakugeuka. Hatua zilifika mlangoni, zikasimama. Halafu kikasikika kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu nyoka aletwe: nyayo za Leokadia juu ya saruji ya ndani.

"Kamwene, wifi," Leokadia alisalimia kwa kilugha. Alikuwa na kigoda kwapani na mchi wa kinu mkononi. "Sogea. Mimi nitashika kona ile."

"Leo unaingia?"

"Usinichekeshe, nitakimbia." Alikaa, mgongo umebanwa ukutani, mbali na sanduku kadiri ghala lilivyoruhusu. Panya alichungulia, mchi ukashuka, na panya hakuchungulia tena.

"Wangu macho yalikuwa hivyo hivyo," alisema ghafla. "Bluu. Niliyaonea mlangoni. Nilidhani amezeeka, ana mtoto wa jicho. Nikaona panya wanamzidi, nikatafuta fimbo ndefu, nikaifikia ile taa kutoka nje, nikabonyeza nyekundu." Alifuta uso kwa kanga. "Siku ya arobaini na moja nikamkuta. Ngozi imemkaba shingoni kama kamba. Nikamtupa shimoni na nikafurahi, wifi. Nilifurahi kwamba sitamwona tena. Sasa tangu jana silali."

Enesia hakumwambia "hukujua," ingawa kweli Leokadia hakujua. Alienda akakaa karibu naye, bega kwa bega, na wakaikamilisha siku ile hivyo, mmoja akiangalia kulia, mmoja kushoto. Jioni Leokadia alimwambia kwamba wanawe wamekwisha kutifua nusu ya shamba la Enesia, na akimshukuru atamchapa na mchi.

Siku ya tano macho ya Mkwe yalirudi kuwa meusi. Siku ya sita alianza kusugua pua kwenye ukingo wa chungu. Wanawake wawili waliacha kila kitu wakasogea, hata Leokadia, hatua moja, mbili, kanga mdomoni. Ngozi ilifunguka kwenye midomo, ikarudi nyuma usoni. Mkwe alitambaa kutoka ndani yake polepole, kama mguu unavyotoka kwenye soksi, akiiacha imepinduka nyuma yake, nyembamba, nyeupe, nzima kutoka pua hadi mkia, na vile vifuniko vya macho vikiwemo, viwili, safi kama vioo vya saa. Chini yake alikuwa wa kahawia mpya, anang'aa, na majeraha ya ubavuni yamefungwa.

"Mungu wangu," Leokadia alisema. "Kumbe ni mzuri."

*

Tunsume alirudi siku ya saba, saa tano asubuhi. Alisalimia, akakagua magunia moja baada ya jingine, akipapasa kwa vidole. Kwenye gunia la kona alisimama. Mshono mpya ulikuwa wa uzi mweupe, na Enesia hakuwa amejaribu kuuficha.

"Hili limetobolewa."

"Siku ya tatu," Enesia alisema. "Nilisinzia."

"Mama, tulikubaliana." Sauti ya Tunsume haikuwa na furaha hata kidogo. Alienda kwenye sanduku, akanyoosha kidole gumba.

"Gunia hilo ni la nani?" Leokadia aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

Tunsume alisoma jina. "Leokadia."

"Ndiyo mimi. Umesikia nimelalamika?"

Kidole kilibaki hewani. Mkwe, ambaye kifuniko chake kilikuwa wazi tangu asubuhi, alishuka kutoka sandukuni. Aliteleza katikati ya magunia, hana haraka, ulimi unaonja hewa. Panya mmoja alikuwa nyuma ya ulezi. Mkwe alimvizia, akasubiri, akamchukua kwa mpigo mmoja. Alimviringa, akammeza, akakaa kidogo. Kisha aligeuka, akarudi njia aliyojia, akapanda sandukuni, akaingia ndani ya chungu chake.

Tunsume alisubiri. Panya wa pili alipita wazi mbele ya mlango, na kwenye chungu hakuna kilichosogea.

"Mmoja tu?" Tunsume alinong'ona. "Mbona hatoki?"

"Ameshiba," Enesia alisema.

Tunsume alibaki ameinama mbele ya kioo, kidole bado kimenyooka, uso karibu sana na chungu. "Miaka minne," alisema. "Kata nane. Sijawahi kuona nyoka aliyeshiba." Alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama anatoa vumbi. "Nikiiacha hii imezimwa, mama, nina nyoka wengine sitini wenye taa inayowaka. Nitawaambia nini watu wao?"

"Hilo tutaliongea. Sasa hivi ni karibu saa sita."

Nje, ng'ambo ya uwanja, majani yalianza kutikisika kwenye mstari mrefu unaoelekea ghalani. Leokadia aliinuka, akautwaa mchi. Enesia alichukua fimbo mbili zilizoegemezwa ukutani, moja akabaki nayo, nyingine akamnyooshea mkaguzi, na kwa mguu akamsukumia kigoda.

"Zamu ya Mkwe imekwisha kwa leo," alisema. "Shika upande wa kushoto wa mlango, mwanangu. Wanapenda kupitia huko."

Tunsume aliitazama fimbo. Alivua begi mgongoni, akaliweka chini, akakaa.